Mmea uliofungiwa kizimbani Kirstenbosch

Watu wengi wakienda bustani ya taifa ya Kirstenbosch kule Cape Town wanapiga picha, wanajitandaza kwenye nyasi, basi, wanarudi zao, na siwalaumu maana pale chini ya mlima ni pazuri balaa. Ila mimi nilinasa kwenye mmea mmoja uliofungiwa ndani ya kizimba cha chuma. Unaitwa Encephalartos woodii, ni saikadi, ndugu wa ile mitapo ya pwani yetu, na porini ulikutwa mmoja tu, msitu wa Ngoye huko KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, mwaka 1895, tena dume. Jike halijaonekana mpaka leo! Kwa hiyo yote unayoiona kwenye mabustani duniani ni machipukizi ya huyo huyo mmoja, mbegu yake halisi hakuna. Na kile chuma sio urembo, 2014 wezi waliingia hapo hapo wakang'oa saikadi zaidi ya 20 za aina nyingine iliyo hatarini, manake kuna watu wana hela zao wanazitaka uani kwao.

Sasa mtu akiniambia mmea umeokolewa kisa uko bustanini, huwa nauliza, porini unazaa?

Ndo maana mi naikubali zaidi stori ya Erica verticillata, kale kachaka kenye maua ya pinki kama vibomba, ambayo ndege chozi huja kufyonza. Ilikuwa inaota kwenye mchanga wa Cape Town tu, watu wakaichuma kuuza, mji nao ukajengwa juu yake, ikapotea porini kabisa. Halafu 1984 ikaonekana kwenye paki moja Pretoria, na baadaye kwenye makusanyo ya zamani huko Ulaya, bustani ya Kew ya London ikiwemo. Kirstenbosch wakakuza vipandikizi, na 1994 ikaanza kurudishwa porini, kwenye hifadhi ya Rondevlei hapo hapo Cape Town. Na kwa vile vimetoka sehemu tofauti sio mmea mmoja uliojirudia rudia, vinachavushana, mbegu inapatikana, kitu ambacho yule dume wa kizimbani hana.

Kingine, mbegu nyingi za uoto wa kule zinasubiri moto upite ndo ziamke, na kinachoziamsha hasa ni moshi wenyewe, sio joto peke yake. Wataalamu wa Kirstenbosch wameufanyia kazi sana huo moshi mpaka kukawa na vikaratasi vyenye kemikali za moshi huo, unaloweka kwenye maji pamoja na mbegu zako kisha unapanda, bila kuchoma kichaka cha mtu.