Siku moja maishani mwangu: natunza rejista za vizazi Newala

Saa 1:15 asubuhi. Julai hapa juu Makondeni, kusini mwa Tanzania, ukungu hauna haraka ya kuondoka, na watu wamekaa barazani wamejitanda khanga mpaka masikioni. Ofisi tunafungua saa 1:30. Nakunywa chai na ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha nikiwa nimesimama, maana nikikaa tu nitaitwa. Huu ni msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu. Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili, kwa hiyo vijana waliomaliza kidato cha sita wanafika hapa na bahasha zao kifuani.

Saa 2:00. Wa kwanza ni kijana wa kiume, cheti chake kimelowa mpaka wino umetawanyika.

"Shikamoo mama. Kimeharibika chote."

"Marahaba mwanangu. Hebu nione hapa juu."

Jina la baba halisomeki, tarehe nusu imefutika, lakini namba ya ingizo ipo. Namwambia akae atulie. Wengi wanadhani cheti ndiyo kumbukumbu yenyewe. Cheti ni dondoo tu. Kumbukumbu ni ule mstari ulioandikwa kwenye rejista siku aliposajiliwa, na namba ya ingizo ndiyo inayoonyesha mstari huo uko wapi. Ile namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, yenye tarakimu 20 inaanza na mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa, kwa hiyo ukiiangalia unajua umri wa mtu. Yetu haisemi umri wala jina. Inakuambia tu ulikoandikwa.

Navuta daftari la mwaka wake. Haya makubwa ya zamani hayafunguliwi kwa pupa: jalada la kitambaa limelegea, kurasa zimekuwa rangi ya chai, na pembe zinamomonyoka ukizishika vibaya. Napitisha rula chini ya mstari ili jicho lisirukie wa jirani. Namba ni ile, mama ni yule, kijiji ni kile. Kijana akapumua. Ataomba cheti kingine kupitia eRITA, mfumo wa RITA wa mtandaoni.

Anayekuja bila namba ndiye mwenye kazi kubwa. Rejista hufuata siku ya kusajiliwa, si siku ya kuzaliwa. Mtu aliyezaliwa 1971 akasajiliwa 1988 yumo kwenye daftari la 1988, na ukimtafuta kwenye la 1971 utakesha. Tena wilaya ni ile alikozaliwa, hata kama amekulia kwingine. Ndiyo maana swali langu la kwanza si jina. Nauliza: "Mlikata cheti lini, na wapi?"

Saa 4:30. Bibi mmoja na mjukuu wake wa kike, darasa la saba. Mtoto alizaliwa nyumbani, mama yake hayupo tena, tangazo la kizazi, ile karatasi ya kutaarifu kuzaliwa kwake, halikuwahi kuandikwa. Sheria inatoa siku 90 za kusajili kizazi; baada ya hapo ni usajili uliochelewa, na mtoto akishapita miaka kumi ombi linahitaji idhini ya Msajili Mkuu. Bibi ametoa kwenye fundo la khanga kadi ya kliniki na barua ya mtendaji. Kadi imeandikwa Somoe. Shuleni wanamwita Zuhura.

Hili sisi wa Kusini tunalijua. Mtoto akitoka unyagoni au jandoni anapewa jina jipya, na la utotoni linaachwa. Kumwita kwalo ni kumkosea heshima. Mimi mwenyewe la kwanza silitumii. Naiheshimu mila hii kwa moyo wote, lakini rejista haichezwi unyago. Nawaomba wazazi: amueni jina la maandishi mapema, lile la unyagoni liitwe nyumbani na ngomani. Kwa huyu binti tumekubaliana bibi aape hati ya kiapo kwamba Somoe na Zuhura ni mtu mmoja, na shule ilete barua. Bibi kaniuliza mara mbili kama mtoto atafanya mtihani. Atafanya, nikamwambia.

Saa 7:00 chakula, ugali na kisamvu, haraka haraka.

Saa 8:00. Mafungu ya fomu za watoto wa chini ya miaka mitano yameletwa. Hawa mambo yao ni mepesi: wanasajiliwa zahanati au kwa mtendaji wa kata, cheti kinaandikwa kwa mkono palepale bila malipo, na taarifa zinatumwa kwa simu ya mkononi. Kwangu nazipanga kwa kituo, halafu kwa namba, ndogo mpaka kubwa.

Katikati ya fungu moja namba imeruka. Nampigia muuguzi.

"Ile niliikosea tarehe dada, nimeichana."

"Vipande unavyo?"

Anavyo. Namwambia avigundishe, aandike IMEFUTWA kwa kalamu nyekundu, aweke sahihi na tarehe, aniletee. Namba isiyo na maelezo ni nafasi ya mtu kupenyeza mtoto asiyekuwepo. Atavituma Alhamisi na gari la chanjo. Naweka karatasi nyeupe mahali pa fomu ile, naandika namba yake, nafunga kabati. Saa 9:40.