Farasi mmoja, tani thelathini

Tukizungumzia mapinduzi ya viwanda nchini Uingereza, wengi wetu huanza na mvuke na reli. Ilhali takriban miaka 70 kabla ya reli ya Liverpool na Manchester kufunguliwa mwaka 1830, makaa ya mawe yalikuwa yameshaanza kusafiri kwa mfereji, taratibu, kwa mwendo wa farasi anayetembea. Naamini mwendo huo wa polepole haukudhuru kitu, kwani tatizo la viwanda vya mwanzo lilikuwa uzito. Farasi wa mizigo hubeba mgongoni kilo zipatazo 130, lakini farasi huyohuyo, akiivuta mashua kwa kamba huku akitembea kando ya maji, huweza kusogeza tani 30.

Hakuna mahali panaponivutia kama Worsley, karibu na Manchester, penye migodi ya makaa ya Francis Egerton, Duke wa Bridgewater. Migodi hiyo ilisumbuliwa na maji. Yeye, msimamizi wake John Gilbert na fundi James Brindley waliyaelekeza maji hayohayo kwenye mfereji, hata kero ya wachimbaji ikageuka kuwa njia ya kutolea makaa, na mashua nyembamba zikawa zinaingia chini kabisa ya ardhi kupakia. Mwaka 1761 mashua zilianza kuvuka juu ya mto Irwell pale Barton, kwa daraja lililobeba mfereji. Mfereji ulipofika Manchester, bei ya makaa ilishuka kwa karibu nusu, na nafuu hiyo iligusa tanuri na meko ya nyumbani vilevile.

Josiah Wedgwood, mfinyanzi aliyechoshwa na vyombo kuvunjika katika barabara mbovu, alikuwa miongoni mwa waliopigania mfereji wa Trent na Mersey, ulioanza kuchimbwa mwaka 1766. Hakusubiri ukamilike: kiwanda chake cha Etruria kilifunguliwa mwaka 1769, kikiwa kimejengwa palepale mfereji ulipopangwa kupita.

Brindley, aliyekuwa fundi wa mfereji huu pia, alifariki mwaka 1772, miaka mitano kabla ya kazi hiyo kumalizika. Handaki lake la Harecastle kwenye mfereji huo, lenye urefu wa zaidi ya kilomita mbili na nusu, lilikuwa jembamba mno, halina hata njia ya farasi. Farasi alifunguliwa akapelekwa kwa kupanda kilima, na ndani ya giza wanaume walilala chali juu ya mashua, wakizikanyaga kuta kwa miguu, hatua kwa hatua, hadi upande wa pili alikokuwa akiwasubiri.