Barua ya mahakama na pauni 64.95

Barua ilipofika nilimtumia mama picha yake, akaanza kulia. Kwetu Tanga barua ya mahakama ni kesi. Ikabidi nimpigie: mama, sijashtakiwa, wananiita nikakae juri, watu 12 wanaoamua kesi ya jinai.

Kilichoniuma mimi ni malipo. Huku Uingereza mwajiri halazimiki kukulipa siku za juri. Natunza wazee, zamu ya saa 12, nisipoingia sina changu. Mahakama inafidia kipato kisichozidi pauni 64.95 kwa siku katika siku 10 za kwanza, na 5.71 ya chakula. Haifiki nusu ya zamu yangu! Kodi ya nyumba mwezi ule nilikopa kwa shoga yangu. Na ukiipuuza barua, faini inafika pauni 1,000.

Mnaojiandaa kuja, jueni hili: pasi yangu ni ya Tanzania mpaka leo, lakini raia wa Jumuiya ya Madola mwenye kibali anaweza kujiandikisha kupiga kura, na akishakaa miaka 5 jina lake linaweza kuchaguliwa kukaa juri. Tarehe zikikubana omba kuahirishiwa mapema. Usikae kimya.

Siku ya kiapo, mhudumu wa mahakama, mama wa makamo mwenye joho jeusi, alinifuata pembeni akaniuliza jina langu linatamkwaje, kisha akanionyesha pa kutia udhu kabla sijashika Msahafu. Ulikuwa umefunikwa kitambaa safi. Miaka yangu yote hapa, kazini wananiita jina walilolikata wenyewe.

Babu yangu alikuwa mzee wa baraza mahakama ya mwanzo, akikaa ubavuni mwa hakimu. Huku jaji hana kura. Anasimamia sheria, anasema ushahidi upi usikilizwe, na mtu akitiwa hatiani yeye ndiye anayepanga adhabu. Kama ametenda au hakutenda, hilo ni letu. Enzi zangu nyumbani mwendesha mashtaka alikuwa inspekta wa polisi. Hapa ni wakili mwenye wigi sawasawa na wa utetezi, na mzigo wote wa kuthibitisha ni wake. Mshtakiwa yule, nyuma ya kioo, hakudaiwa kuthibitisha chochote. Angeweza hata kunyamaza. Polisi mpelelezi alipanda kizimbani akahojiwa kama shahidi mwingine yeyote, akabanwa hasa. Sikuwahi kuona polisi akibanwa vile.

Tuliyojadili chumbani sitayasema, ni kosa la jinai kuyatoa. Mama ameniuliza mara tatu. Nimemwambia tu kwamba jaji alipoingia ukumbini tulisimama sote, na mawakili walipozungumza walitugeukia sisi 12, nami nikiwamo na ushungi wangu.