Kumbi za Sinema za Tanga

Basi letu lilipoiacha barabara kuu ya Moshi pale Segera na kushika njia ya Muheza, mashamba ya mkonge yakaanza kujitokeza. Mkonge uliletwa nchini na Dkt. Richard Hindorf mwaka 1893, mwaka uleule ujenzi wa reli ya Usambara ulipoanza Tanga, na mji uliokuwa na bandari, reli na watu wenye mshahara haukukosa wa kuuletea sinema. Ndiyo maana Majestic, Novelty na Regal ni majina ambayo wazee wa Tanga bado wanayataja bila kuyatafuta.

Nilishuka stendi ya Kange, nikapanda bajaji hadi katikati ya mji, na kwa muda mrefu nikasimama mbele ya jengo moja la sinema lililofungwa zamani. Uso wake ni wa zege, una nguzo bapa zinazopanda hadi kupita paa, na juu ya mlango umetokeza ubapa mpana usioshikiliwa na nguzo yoyote, ambao chini yake watu walipanga foleni ya tiketi bila kuunguzwa na jua. Ukizunguka ubavuni unagundua kwamba fahari yote iko mbele, kwani ukumbi wenyewe ni mrefu, hauna madirisha ya kawaida, umeezekwa mabati na kutobolewa matundu ya hewa karibu na dari. Mimi naiona kazi hiyo kuwa ya akili sana: fedha ziliwekwa pale macho ya mpita njia yanapotua, na joto la pwani likapewa njia ya kutokea juu bila kuingiza mwanga.

Kilichonivutia zaidi ni vidirisha vidogo vilivyo juu ya ukuta wa nyuma wa ukumbi, ambavyo picha zilirushwa kupitia kwavyo kutoka chumba cha mashine. Mzee mmoja aliyewahi kuwa mwonyeshaji picha, niliyemwamkia barazani, alinieleza kazi yake kwa subira. "Mashine zilikuwa mbili, mwanangu. Mkanda mmoja ukienda kama dakika ishirini, unaangalia pembe ya juu ya kiwambo, kuliani. Doa la kwanza likitokea, unaiwasha mashine ya pili. Doa la pili, unabadilisha. Ukichelewa, ukumbi mzima unapiga miluzi." Taa ya mashine ilikuwa ni vijiti viwili vya kaboni vilivyowaka kwa umeme, na ilimbidi avisogeze kila vilipopungua. Mikanda ya zamani, kabla ya miaka ya 1950, ilitengenezwa kwa nitrati, ambayo ikishika moto haizimiki kwa maji, na kwa sababu hiyo vyumba vya mashine vilijengwa kwa kuta nene na vidirisha vikawekewa vifuniko vya chuma.

Mzee alikumbuka Jumapili za picha za Kihindi, familia nzima zikija zimevaa vizuri, na walanguzi wa tiketi wakinong'ona pembeni ya foleni. Mwaka 1968 iliundwa kampuni ya umma ya filamu, na mwaka 1971 serikali ikatwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Baadaye zikaja kanda za video, na televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, watazamaji walikuwa wameshapungua sana.

Kesho yake nilikwenda kwenye boma la Wajerumani, ambalo limekarabatiwa na kufanywa makumbusho ya Urithi Tanga. Nilifurahi kuliona, lakini nilifikiria kumbi zile. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Yaliyojengwa baadaye husubiri tangazo la waziri. Ukumbi wa sinema hauwezi kufikia umri huo, hivyo ni lazima watu wa Tanga wenyewe wauombee ulinzi huo, na kama ningeulizwa waanzie wapi, ningesema chumba cha mashine, kwa sababu uso wa jengo unaweza kujengwa upya kutokana na picha, lakini chumba kile hakuna aliyekipiga picha.