Siku moja na punda wangu: tulivyohamisha nyumba ya mchungaji

Saa kumi na moja alfajiri

Nikitoka msikitini napitia zizini kwanza, chai baadaye. Punda wangu ni wawili, Tarishi na Kipusa. Nawapa pumba na maji, nanyanyua kwato moja moja nitazame kama kuna jiwe lililojibana, kisha napapasa mgongo pale shogi, mifuko ya mizigo, linapolalia. Hapa Lamu tuna kliniki ya punda tangu miaka ya 1980, na ukipeleka mnyama mwenye kidonda cha shogi utasemwa mbele za watu mpaka ardhi uione ndogo. Ni haki. Watu wana msemo kwamba shukrani ya punda ni mateke. Aliyeuanzisha nadhani alimpakia mifuko minne ya saruji.

Saa moja mpaka saa nne

Mchanga na saruji kwa fundi anayejenga Wiyoni. Mifuko ni mifuko, sina la kusimulia.

Saa nne na nusu

Navuka kwenda Mokowe, gati la bara, na mtoto wa kaka yangu, kupokea vyombo vya mchungaji aliyehamishwa kutoka Malindi kuja kuchunga kanisa la huku. Familia ni yeye, mkewe na watoto watatu. Aliyenitafuta ni mzee wa kanisa walilotoka, na tangu simu ya kwanza niliona kazi ipo. Aliniuliza, "Kanta ikifika Mokowe, kutoka hapo hadi mlangoni dereva ataongeza shilingi ngapi?" Nikamwambia, mzee wangu, kanta ni lori, mwisho wake Mokowe, mbele ni bahari. "Na ng'ambo ya bahari?" Ng'ambo ni punda na mabega. Akanyamaza, kisha akasema, "Mnajua kupandisha bei nyinyi."

Kwa msiopajua, ndani ya mji wa kale gari halipiti. Hata pikipiki zilizoingia kisiwani miaka hii haziwezi kubeba kitanda kwenye vichochoro vya mtaa wa Mkomani, ambavyo upana wake ni punda mmoja mwenye shogi. Akija wa pili, mmoja arudi nyuma. Mji umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo hakuna atakayebomoa ukuta ili kochi la mtu lipite. Hamali mnamhesabu kwa misuli tu. Mimi nasema nusu ya kazi hii ni kujua maji yanajaa saa ngapi na kona gani inakataa nini.

Siku hiyo maji yalikuwa yajae saa saba. Makubaliano yalikuwa kanta ifike saa sita, tupakie, tuvuke na maji yakiwa bado juu, mashua iguse ukuta wa pwani ya Lamu, punda wapakiwe palepale. Saa sita kanta haipo. Saa saba haipo. Kutoka Malindi ni zaidi ya kilomita mia mbili, unapita Gongoni, Marereni, Garsen, Witu. Lami siku hizi ipo, lakini vizuizi navyo vipo, na gari la vyombo hufunguliwa turubai likatazamwa. Tukipiga simu dereva anasema yuko Witu. Dereva anayesema yuko Witu bado hajafika Minjila.

Nahodha hakugomba. Alikaa kivulini, na kila baada ya muda alitaja tu ngazi za gati zilizokwisha kutokea majini. Tatu. Tano. Saba.

Saa tisa na kitu

Kanta ikaingia. Mzee wa kanisa alishuka kabla injini haijazimwa, daftari mkononi, na maji yale yanatukimbia akaanza hesabu. Kitanda kimeshafunguliwa, kwa nini kilipiwe kama kitanda kizima? Godoro halina uzito, liandikwe bure. Kulikuwa na kuku watano kwenye tenga. Akataka kujua ni abiria au ni mzigo. Nikamwambia kuku ni wageni wangu, tupakie tafadhali. Akaandika.

Mchungaji mwenyewe wakati huo alikuwa amevua viatu, amekunja suruali, anapokea vyombo kutoka juu ya gari. Sikutegemea. Lakini mwenye safari alikuwa mkewe. Kila katoni ameiandika kwa kalamu nene, na moja ilikuwa na maneno USIKU WA KWANZA: sufuria, jiko la gesi dogo, mchele, chumvi, kiberiti, neti za watoto.

"Kaka, hii ipakiwe mwisho, iwe ya kwanza kushuka," aliniambia. "Uhamisho mmoja sufuria ilikuwa chini ya vyombo vyote, tukalala na biskuti."

"Mmehama mara nyingi, mama?"

"Kanisa likisema nenda, tunakwenda. Pazia sishoni tena, madirisha hayalingani."

Nikajua huyu ni mwenzangu kazini.

Kisha likashushwa kabati. La mvule, milango mitatu. Nikalipima kwa mkono: unene shibiri tatu, urefu shibiri tisa. Nikauliza kama linafunguka vipande. Mama mchungaji akacheka, akasema fundi aliyeliunda hakutaka lifunguke hata Siku ya Kiyama.

Tulivuka. Mtoto mdogo alitazama mji unakuja akauliza magari yameegeshwa wapi.

Jioni, saa sikuzitazama tena

Mashua ilikaa kwenye tope mbali na ukuta, kama nilivyojua. Kila kitu kilichokuwa kipite juu ya maji kikapita mabegani, tope magotini. Friji tuliifunga kwenye mti wa kubebea, wawili mbele wawili nyuma. Watoto walibebwa. Kuku walibebwa. Mzee wa kanisa alibebwa pia, na hilo hakuliandika.

Tarishi na Kipusa walifanya yao bila maneno: shogi kulia na kushoto uzito sawa, kamba moja chini ya tumbo, kwenda na kurudi. Njia wanaijua kuniliko.

Kabati halipandi punda. Nyumba waliyopangishiwa ni ghorofa ya juu, ndani kabisa Mkomani, na njia ni mbili. Ya mkato inapita chini ya wikio, yaani chumba kilichojengwa juu ya kichochoro kuunganisha nyumba mbili, na palepale chini yake pana kona. Ya pili inazunguka kwa Mkunguni, mbele ya ngome, halafu Usita wa Mui, njia kuu ya mji, halafu inaingia kwa kichochoro kilichonyooka. Nikasema tuzunguke.

"Ya mkato ni hii hapa," akasema mzee wa kanisa, ananionyesha simu. "Dakika tatu."

Nikamwambia simu haijabeba kabati. Nilikuwa nimeinama nakaza kamba ya Kipusa. Kuinua kichwa, mzee amekwisha kuwaambia vijana wawili wa mashua wanyanyue, yeye ndiye anayelipa. Wakaingia nalo.

Lilikwama chini ya wikio, hatua chache tu. Kichwa kimegusa ukuta huu, miguu imegusa ule, kijana mmoja yuko upande wa pili hawezi kurudi. Nyuma yao akatokea punda wa mtu na mchanga. Nyuma ya punda, wanawake na vikapu. Upande wa mbele, wazee wanakwenda kuswali Magharibi, wamesimama wanalitazama kabati nalo linawatazama. Mmoja akainama akapita chini yake, akatoa salamu akiwa bado ameinama. Kila mtu akawa na shauri: liinueni, lilazeni, litieni mafuta ya nazi. Mtoto wa kaka yangu akaniita, "Ami, tukate miguu?" Nikamwambia akikata nitakata yake.

Tulimwomba mwenye punda arudi, na punda mwenye mchanga kurudi kinyumenyume ni shughuli ya peke yake. Wanawake wakarudi. Tukalilaza kabati ubavu, tukaliburura juu ya gunia shibiri kwa shibiri, huku mzee wa kanisa akisema kushoto, kushoto, na kushoto ni ukuta. Mabega yangu yalikuwa yamekwisha kuniaga. Lilipotoka, adhana ya Isha ilikuwa imepita.

Mchungaji akaja kutoka nyumbani, akaona, akasema kwa upole, "Mzee, mwachie mwenye mji." Tukazunguka kwa Mkunguni. Hakuna mahali liligusa.

Ngazi za nyumba nazo zilikuwa nyembamba, hilo nililijua tangu Mokowe. Tuliliingiza kwa mlango mkubwa, tukapita nalo dakani, ukumbi wa mlangoni, tukalivuta juu kwa kamba kupitia kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi. Mchungaji alishika kamba na sisi mpaka viganja vikachunika. Bibi wa nyumba jirani alimtuma mjukuu na chupa ya chai ya tangawizi na mahamri, akauliza kwa sauti kutoka dirishani mgeni ana wana wangapi na kama wana maji ya kuoga usiku ule. Mama mchungaji alikuwa amekwisha kubandika mchele.

Malipo yalikuja kwenye simu, kamili. Mzee wa kanisa akafunga daftari, akalifungua tena.

"Viti vya kanisa na spika vimebaki kwenye kanta, Mokowe. Kesho bei ni ileile?"

"Kesho maji yatajaa karibu saa nane. Ukiwa gatini saa saba, bei ni ileile. Ukichelewa, ongeza ya tope."

Akataka kusema neno. Mama mchungaji akatangulia, mwiko mkononi, "Saa sita atakuwa pale, kaka. Nitamwamsha mimi mwenyewe."