Siku moja maishani mwangu: kukusanya maoni ya upanuzi wa barabara kuu

Saa 12 asubuhi. Kabla ya kupakia gari, michoro inahesabiwa karatasi kwa karatasi. Karatasi ya A1 kwa kipimo cha 1:2500 hubeba takriban kilomita 2 za barabara, hivyo mradi wa kilomita 40 unataka karatasi 20 au zaidi. Ikikosekana moja, wakazi wa kipande hicho hawataiona mitaa yao ukutani, na asiyeuona mtaa wake hatoi maoni. Fomu, kalamu, daftari la mahudhurio na betri ya akiba ya kipaza sauti hupakiwa mwishoni.

Saa 2. Kutundika. Michoro hufuata mwelekeo wa barabara yenyewe, ili mtu akisimama mbele yake kushoto kwake kuwe kushoto kweli. Naongeza kwa mkono yale ambayo wapimaji hawakuyaandika: shule, zahanati, soko, kisima. Rangi zinaelezwa mapema: mweusi ni lami iliyopo, mwekundu ni kingo za barabara mpya, kijani ni mpaka wa hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara. Mwenye nyumba akiukuta mstari wa kijani juu ya paa lake bila maelezo, huondoka akiamini lami inapita sebuleni.

Saa 4 mkutano unafunguliwa. Wapo wanaodhani kazi yetu ni kukusanya sahihi ili mradi uonekane umewapitia wananchi. Inaniuma, kwa sababu saa zinazofuata ndizo zinazobadilisha michoro.

Mzee mwenye ghala anasimama kabla mhandisi hajamaliza. "Mmenifungia geti!" Anachokiona ni ukingo wa katikati, unaotenganisha magari yaendayo na yarudiyo, ukipita mbele ya geti lake bila upenyo. Mhandisi anaeleza: njia panda ya pande nne ina sehemu 32 ambapo njia za magari hukatana, huungana au huachana, mzunguko wa magari (kipilefti) wenye njia moja una 8 tu. Kila upenyo unaoongezwa hurudisha sehemu za kugongana. Mzee hataki kusikia. Anarudia neno lilelile mara ya tatu, ukumbi unaanza kupiga kelele, na wengine wanaomba zamu.

Hapa ndipo afisa mchovu huandika "mwananchi analalamikia ukingo wa katikati" na kupita. Maoni hayo hayamsaidii yeyote. Nauliza: mzee, magari gani yanaingia kwako, yanatokea wapi, saa ngapi? Kumbe ni malori yenye tela, yanayotoka upande wa pili wa barabara alfajiri. Lori la aina hiyo lina urefu wa mita 16 na ushei, na likigeuka linahitaji duara la kipenyo cha takriban mita 25. Ukingo wa mita 4 na njia mbili za upande wa pili, mita 7, havitoshi. Litapanda bega la barabara au lisimame limekingama. Kumwambia akageukie upenyo unaofuata kumbe ni kumpa njia isiyopitika.

Kwa hiyo kinachoandikwa ni hiki (km 12+400 ni kilomita 12 na mita 400 tangu mwanzo wa mradi): "Km 12+400, kushoto, geti la ghala. Malori ya tela alfajiri. Hayawezi kugeuka kwenye upenyo wa km 13+100. Anaomba eneo pana la kugeukia, au barabara ya pembeni hadi kwenye mzunguko." Anasomewa, anarekebisha neno, anatia sahihi. Mhandisi anaweza kulifanyia kazi hilo.

Baadaye linakuja la fidia, na linakula muda mwingi. Hakuna kutaja kiasi, hata cha mfano. Mpaka mstari wa mwisho uwekwe na wathamini wafike, takwimu yoyote itakayotajwa itageuka ahadi.

Mchana umeshaenda, sauti imekauka, na bado hatujasikia waliokaa nyuma. Kina mama na vijana huzungumza zaidi wakiketi pembeni wenyewe. Wao ndio wanaojua watoto wanavukia wapi. Barabara ya njia nne, mita 14, kwa mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde ni sekunde 12 hivi. Kwa bibi atembeaye mita 0.9, ni karibu 16. Kisiwa cha kupumzikia katikati, cha mita 2 au zaidi, humruhusu kuvuka upande mmoja kwa wakati. Wanajua pia maji yanakofika. Tunaomba waonyeshe alama ya mafuriko ukutani, tunapima kwa futi kamba kutoka ardhini, tunaandika mwaka. Alama hiyo humsaidia msanifu wa makalavati kuliko rekodi ya mvua ya kituo cha mbali.

Usiku, kujaza rejista. Lazima iwe leo, maana mwandiko wa haraka haueleweki kesho. Kila mstari una eneo, upande, maneno ya msemaji, na jibu: limekubaliwa, limekubaliwa kwa marekebisho, limekataliwa kwa sababu, au liko nje ya mradi. "Limezingatiwa" silipokei bila namba ya mchoro uliobadilika. Mstari wa km 12+400 unabaki wazi, na jina la mhandisi wa makutano limeandikwa pembeni: apime mgeuko wa lori kabla ya michoro ya awali kufungwa, na jibu lake libandikwe ukumbini pale pale.