Ukirudisha, Umerudisha

Ni Alhamisi usiku na lile neno la Jumapili bado linanizunguka kichwani. Nimejaribu kulilaza, halilali. Basi nilitoe hapa, nyinyi mmeshanizoea.

Wiki yenyewe haikuwa ndogo. Kaka amepasuliwa jicho Jumanne na daktari karidhika, ofisi yetu imeunganishwa rasmi na ya ghorofa ya tatu kama nilivyowaambia itakuwa, na yule fundi wa bomba tuliyemngoja tangu mwezi uliopita kaja, kapiga nyundo mara mbili, kaondoka. Lakini kinachoninyima usingizi ni maneno ya mtoto wa miaka 14, aliyeyasema kichwa kikiwa chini ya kochi, akitafuta soksi.

Jumapili tulifungwa. Mlioangalia hamna haja ya kukumbushwa, na msioangalia mmepona. Dakika zimebaki sita hivi, bila kwa bila, kipa wetu ana mpira wa goli. Badala ya kuupeleka mbali, kamsogezea beki wa kati aliyesimama palepale ndani ya boksi. Beki kaupokea kwa mguu wa nje, kageuka, kamkuta mshambuliaji wao keshafika kama mgeni aliyeingia bila hodi. Bao. Sebuleni pakawa kimya. Kisha kaka, ambaye wakati huo bado alikuwa anaona kwa jicho moja, akasema taratibu: "Hata mimi nusu kipofu nimemwona anakuja."

Hapo ndipo mjadala ulipoanza, na mnaijua nyumba hii. Kaka ni muumini wa kubutua, mpira mbele na mbali. Kwake yeye kocha wetu huyu na falsafa yake ya kuanza na kipa ni mtu aliyejenga ngazi nzuri kwenye nyumba isiyo na ghorofa. Akatoa silaha yake ileile: Hispania. Mwaka 2018 walipiga pasi zaidi ya 1,000 dhidi ya Urusi na wakatolewa kwa penalti. Mwaka 2022 wakapiga tena zaidi ya 1,000 dhidi ya Morocco, dakika 120 bila bao, na kwenye matuta wakakosa zote tatu walizopiga. "Pasi elfu mbili," akasema, akihesabu kwa vidole viwili, "na bao moja." Hilo bao moja lenyewe, kwa haki kabisa, Warusi walijifunga.

Nikamjibu kwa Hispania haohao wa 2010. Waliokamata Kombe la Dunia kwa kushinda moja bila Ureno, moja bila Paraguay, moja bila Ujerumani, moja bila Uholanzi. Ukiwa na mpira wewe, mwenzio hana cha kukufungia. Kumiliki mpira ni namna ya kukaba, ila hakuna anayekusifia kwa kukaba hivyo. Nikaeleza, labda kwa kirefu kuliko ilivyohitajika, kwamba kurudisha mpira nyuma si woga. Unamvuta adui. Anapokufuata anaacha shamba lake nyuma halina mlinzi, na hapo ndipo unapompitia.

"Baba, sikiliza," nikamwambia mtoto, maana kaka nilishamkatia tamaa. "Pasi ya nyuma ni mwanzo wa kwenda mbele."

Na yeye, bila hata kutoa kichwa chini ya kochi, akasema:

"Sawa shangazi, lakini hao wakirudisha wanarudi mbele. Wewe ukirudisha, umerudisha."

Kaka akacheka mpaka akashika jicho. Mama akauliza, "Wanacheza akina nani?" Tukamwambia mechi imekwisha, tumefungwa. Soksi ikapatikana. Kila mtu akaendelea na yake.

Mimi ndiye niliyebaki hapo. Ukirudisha, umerudisha. Maneno mawili, kitenzi kimoja, na katikati yake nimesimama mimi.

Mliosoma ile ya wiki mbili zilizopita mnajua kwa nini. Ofisi hizi mbili zilipotangazwa kuwa moja, meneja aliniita akaniuliza kama nitaomba ukuu wa kitengo kipya. Nami nikatoa pasi. Nilisema dada wa ghorofa ya tatu ana uzoefu zaidi, nikamtaja kwa jina, nikamsifia vizuri kabisa, nikatoka nikijiona mtu mwungwana. Humu mlinipongeza. Mmoja wenu aliandika kwamba watu wa aina yangu wamebaki wachache. Nilikuwa nimemsimulia kaka hayo mezani, na mtoto alikuwepo, simu mkononi, masikio yakiwa nayo huru kama kawaida ya watoto.

Sasa swali: alikuwa anasema mpira, au alikuwa ananisema mimi?

Jumatatu nikiwa kwenye lifti nililisema tena kwa sauti yake, lile "sawa shangazi" la mwanzo. Lina heshima. Mtoto anayekusudia kuuma hatangulizi "sawa shangazi". Ila pia ndivyo wanavyotanguliza wanaokusudia kuuma. Nikajaribu kulisema na mkazo kwenye "wewe". Wewe ukirudisha. Likauma. Nikalisema bila mkazo, likauma vilevile. Jirani wa juu aliyekuwa nami kwenye lifti akaniuliza kama niko salama.

Kazini nikamkuta Bwana Takwimu keshanisubiri, kalamu sikioni, kama kila Jumatatu tukifungwa. Safari hii kaja na Charles Reep. Huyu ni yule mhasibu wa jeshi la anga la Uingereza aliyeanza mwaka 1950 kwenda viwanjani na daftari na penseli, akaandika kila shambulizi kwa alama zake mwenyewe, miaka na miaka. Hitimisho lake: kama asilimia 80 ya mabao hutokana na pasi tatu au pungufu. "Sasa wewe na kocha wako," akasema Bwana Takwimu, "pasi kumi na tano mnazipeleka wapi?"

Siku nyingine ningefurahia, maana hapo Reep, mhasibu mwenzangu, aliteleza na mimi huwa naipenda sana hiyo sehemu. Katika hesabu zake mwenyewe, mashambulizi yenye pasi tatu au pungufu yalikuwa zaidi ya asilimia 90 ya mashambulizi yote. Weka hizo namba bega kwa bega uone. Ikiwa sehemu tisa za kazi zote hufanywa hivyo na zinaleta mabao manane tu kati ya kumi, basi ile sehemu moja iliyobaki, ya pasi nyingi, inaleta mabao mawili. Hao wenye pasi nyingi ndio wanaolipa zaidi kwa kila jaribio. Vizazi vya makocha vilibutua mipira kwa sababu ya asilimia iliyosomwa bila mwenzake. Nilimwandikia yote hayo nyuma ya risiti, akanyamaza, akasema atarudi.

Nilishinda hoja, nikakaa kwenye kiti changu, na kitu cha kwanza kilichonijia ni soksi.

Nikaanza kuhesabu pasi zangu, Mungu anisamehe. Ile safari ya mafunzo niliyompisha mwenzangu. Ile ripoti niliyoandika mimi na kuisoma mwingine mbele ya wakubwa, mimi nikibonyeza kitufe cha kubadilisha kurasa. Ule wimbo wa harusi ya binamu niliofundisha kwaya nzima kisha nikasema nina mafua. Zote pasi safi, hakuna hata moja iliyonaswa njiani. Kama kuna mtu anayehesabu asilimia ya pasi zilizofika, mimi ni kiungo wa kimataifa.

Jumanne nilikuwa kwenye kiti cha hospitali, mtoto kakaa pembeni yangu, na sikumuuliza. Jumatano pia. Nilikuwa nataka kuuliza kwa namna ambayo haitaonekana kwamba nimeuliza, na kwa mtoto wa umri ule namna hiyo haipo.

Leo jioni nikajitosa. Tulikuwa mezani na vizibo vya chupa. Nilikuwa namwonyesha kwa nini kipa wetu hakuwa mwendawazimu. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2019, mpira wa goli hauhitaji kutoka nje ya boksi kwanza ndipo mwenzio auguse. Ukipigwa tu, uko mchezoni. Wapinzani ndio wanaotakiwa kusubiri nje ya boksi mpaka upigwe. Kwa hiyo nikapanga: kizibo cha kijani kipa, vyekundu viwili mabeki kulia na kushoto kwake, namba sita, yaani kiungo mkabaji, mbele yao. Wapinzani vizibo vyeusi, mstarini. Kipa anamsogezea beki. Mweusi mmoja anaruka kumfuata. Beki anarudisha kwa kipa, mweusi wa pili anakuja. Sasa tazama nyuma yao: shimo. Tatizo la Jumapili ni kwamba namba sita alijificha nyuma ya mtu, beki akakosa wa kumpa.

"Unaona?" nikamwambia. Halafu, nikiwa nimekishika kizibo cha kijani kana kwamba kina maana kubwa: "Ile siku ulisema mimi nikirudisha, nimerudisha. Ulikuwa na maana gani?"

Akaniangalia. Nawaapia hakukumbuka. Ilibidi nimtajie soksi.

"Aah!" akasema. "Si tukicheza pale nje. Ukinipa pasi unasimama."

"Ninasimama?"

"Ndiyo. Unatoa pasi halafu unasimama unaangalia. Na mikono hivi." Akaweka mikono kiunoni, akainamisha kichwa upande, na kwa kweli nilijiona. "Mimi nikitaka kukurudishia haupo. Yaani upo, lakini umefunikwa. Kila siku nakwambia sogea."

Kisha akanyang'anya vizibo vyangu. Akapanga upya yale niliyoyapanga, akakisogeza chekundu kimoja, yule beki aliyetoa pasi, hatua tatu pembeni mara tu baada ya kuitoa. Hatua tatu tu za kizibo, upana wa vidole vyangu viwili, na mweusi aliyekuwa anamkaba akawa anakaba meza. "Hii ndiyo ya mtu wa tatu," akasema. "Wa kwanza anampa wa pili, wa pili hawezi kumrudishia wa kwanza, anampa wa tatu, wa tatu anamkuta wa kwanza keshahama. Kocha wetu wa shule anasema mtu akishatoa pasi ndipo anaanza kazi."

Nikacheka hadi mama akaja mlangoni. Siku nne! Siku nne nimejisomea hukumu ya maisha yangu yote, kumbe mtoto analalamikia miguu yangu. Nilikuwa mwepesi ghafla, nikamwambia twende nje sasa hivi, akasema giza, nikasema taa ya ngazini inatosha. Tukatoka. Nikampa, nikasogea. Nikampa, nikasogea, nikapokea, nikakosa, mpira ukagonga mlango wa jirani wa juu, ambaye sasa ana uhakika siko salama. Nimerudi ndani goti linauma na nina furaha ya kijinga.

Nilipokaa kuandika haya ndipo nikagundua kwamba maelezo yake hayajanisaidia hata kidogo. Ningeona afadhali kama angekuwa ananitukana. Guardiola mwenyewe, yule kocha wa Kihispania anayesifika kwa soka la pasi, ambaye kaka humtupia lawama zote za dunia, anachukia pasi za kupigwa kwa ajili ya kupigwa tu, na miaka yote nimekuwa nikilitumia hilo kumtetea bila kufikiri lingeweza kunihusu. Unatoa pasi halafu unasimama unaangalia. Na mikono hivi.

Fomu ya ukuu wa kitengo mwisho ni kesho saa kumi. Dada wa ghorofa ya tatu, nimesikia, hakuomba. Naye alimtaja mtu. Nimeijaza hadi ukurasa wa pili, pale wanapouliza mafanikio yako, nikasimama kwenda kuzima taa ya jikoni.

Mama alikuwa amekaa pale peke yake, kanga begani, anatazama ukuta. Nikamuuliza mbona hujalala. Akasema anasubiri wamalize.

"Nani wamalize, mama?"

"Hao wa mpira. Wanacheza akina nani?"

Jumapili tulicheka, na Jumanne alipouliza hospitali nilidhani ni uchovu. Kaka amelala na bandeji yake, sijui kama nimwamshe. Mama nimempeleka kitandani, nimemfunika, akanishika mkono akaniita kwa jina la marehemu dada yake. Sasa hivi namsikia anageuka.